Kijiko cha Mtindi

Kampuni iliyokuwa ikitutunzia nyimbo za kwaya ilifunga biashara bila hata kutuaga, na nyimbo zote za wanawake wa kijiji chetu, kijiji cha chini, zikapotea nayo. Nyingi tulizipata tena kwenye simu za waimbaji. Ule wa mavuno, aliouongoza mama yangu Nevena kabla hajafariki, hakuna aliyekuwa nao. Niliutafuta mpaka nikachoka, na moyo uliniuma.

"Nguo ya kuazima haistiri matako," alisema mama mkubwa Tsonka, dada yake mama na kiongozi wa kwaya. "Sasa tunataka nyumba yetu wenyewe. Si wewe fundi wa kompyuta? Haya, jenga!"

Mimi ni fundi, tena hodari, sioni haya kusema. Nilichukua programu huria ya kutunzia muziki, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuichukua bure na kuiendesha mwenyewe, nikaisimika kwenye seva ya kukodi mtandaoni, ikawa maktaba ya nyimbo zetu. Mama mkubwa aliringa nayo milima yote ya Rodopi, huku kwetu Bulgaria, mpaka Zlatka, kiongozi wa kwaya ya kijiji cha juu na mpinzani wake tangu ujana, akaomba na yeye awe nayo.

Nikamwandikia maelekezo: sakinisha hiki, unganisha kile, fungua mlango huu, funga ule. Simu haikupoa.

"Desislava, binti yangu, imeniandikia maneno mekundu."

"Yanasemaje?"

"Ningejua yanasemaje ningekupigia?"

Nilikuwa nimefura kwa hasira mama mkubwa aliponituma kwa jirani. Mtindi wa jirani ulikuwa umeharibika, akaomba kijiko kimoja cha wetu apate kuanzia upya. Nikabeba kopo, na katikati ya njia nikasimama kama niliyepigwa kofi. Hapa kwetu nani amewahi kumpa jirani maelekezo ya mtindi? Unampa kijiko. Anatia maziwa yake ya uvuguvugu, anafunika blanketi, asubuhi ana mtindi. Sasa mimi nilikuwa nikiwagawia watu maelekezo ya nini?

Nikageuka mbio, kopo mkononi, jirani akinipigia kelele getini.

Niliichukua maktaba yetu jinsi ilivyokuwa, na mipangilio yake yote, nikaifungasha, nikaiwekea kitufe kimoja mtandaoni. Ukibonyeza, unachagua jina na nywila, basi. Zlatka akabonyeza. Kabla kahawa yake haijachemka, kwaya yake ilikuwa na maktaba. Nilicheza horo, ngoma yetu ya duara, peke yangu jikoni, nikaangusha kiti.

Furaha haikudumu hata hadi jioni. Zlatka alipiga simu akicheka.

"Tsonka! Mbona nyimbo zenu zimo nyumbani kwangu? Hata za tamasha la kiangazi mnazotuficha!"

Nilikuwa nimefungasha kijiko pamoja na maziwa yetu. Mama mkubwa alinitazama kwa jicho ambalo simtakii mtu.

"Nimekwambia umpe kijiko, wewe umempa chungu kizima! Tena adui yetu!"

"Nitasafisha sasa hivi, mama mkubwa."

"Na masikio yake utayasafisha?"

Nikakisafisha kitufe, kisibaki na wimbo hata mmoja.

Jumapili Zlatka akashuka mwenyewe, amejifunga kitambaa cha sikukuu. Mama mkubwa alimkatia banitsa, pai yetu ya jibini, kipande chembamba kuliko vyote.

"Usininunie," Zlatka akasema. "Chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Desislava, fungua maktaba yangu, wimbo wa mwisho."

Nilijua ni kejeli tu. Nikabonyeza. Kukavuma kelele za harusi, glasi, mtu akikohoa, kisha sauti ikapanda juu ya zote. Ilikuwa sauti ya mama yangu. Wimbo wa mavuno.

"Alikuja kuimba harusi ya mwanangu," Zlatka akasema polepole. "Nikamrekodi nimwibie mtindo, sikuuweza. Juzi nimepitia nyimbo zenu zote, huu sikuuona. Nikasema, jamani, hawa wamempoteza Nevena?"

Nililia mbele yao bila kujizuia, huku nikicheka. Mama mkubwa alianza kuitikia sauti ya pili, Zlatka akaingia na ya tatu, wakaimba na mama hadi mwisho. Kisha mama mkubwa akamkatia Zlatka kipande kingine cha banitsa, kikubwa hasa, akanigeukia.

"Kitufe chako umekisafisha?"

"Kabisa, hakina kitu."

"Utie huu. Huu tu. Kila kwaya itakayobonyeza, impate Nevena."

Nikautia. Wiki iliyofuata, kwaya moja ya ng'ambo ya mlima, ambayo hatuijui, ilibonyeza kitufe, ikatuandikia kuuliza huyu mwimbaji ni nani. Nikawajibu kwamba ni mama yangu.