Vidonge Vitatu vya Kwenye Paa

Fomu ya ufadhili wa udaktari ilitaka ukurasa mmoja tu: eleza tukio lililokufanya utake kuwa daktari. Nafasi ilikuwa moja kwa Ifakara nzima, na waliobaki kwenye mchujo walikuwa wawili, Faustin wa Lipangalala na Octavian, mtoto wa baba yake mdogo.

Faustin alikuwa na tukio tayari, tena zuri. Miaka mitatu nyuma, shangazi yao Dativa alikwenda msibani Mlimba, akawaachia wao wawili shamba la mpunga kule Katindiuka pamoja na bintiye, Levina. Mtoto akashikwa na homa. Faustin alimpakata kwenye keria ya baiskeli, Octavian akakanyaga pedali kwenye tope hadi hospitali, pancha njiani na yote. Levina alipona, ila masikio hayakusikia tena.

Shida ni kwamba Octavian naye alikuwepo. Wiki nzima sasa, kila wakikutana swali ni lile lile.

"Vipi kaka, umeshaandika?"

"Wewe umeandika nini?"

"Aa, bado nazungukazunguka."

Mtu asiye na la kuficha anazunguka nini? Tena juzi Faustin alimwona akitoka njia ya shamba la shangazi, suruali imekunjwa, tope magotini. Alipomwita, jamaa akaongeza mwendo.

Amekwenda kusema habari ya vidonge, Faustin akawaza.

Maana vidonge vilikuwepo. Siku mbili kabla ya ile baiskeli, ni yeye, bingwa wa baiolojia, aliyesema hospitali ya nini. Alichomoa kwenye nyasi za paa la kibanda dawa za malaria zilizobakizwa na mtu aliyepata nafuu, kama watu wanavyozichomeka huko mashambani, akampa Levina vidonge vitatu. Homa ikashuka kwa muda, wakatulia siku mbili bila kumpeleka hospitali. Hilo halikuwamo kwenye tukio lake zuri, na Octavian aliliona kwa macho.

Akaenda shambani. Dativa alikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti, akiamia ndege wasile mpunga, teo la kurushia madonge mkononi. Chini, Levina alikuwa akigonga debe tupu kuwafukuza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Juzi mwenzio, leo wewe. Mpunga ukikomaa mnaijua njia!"

"Octavian alitaka nini?"

"Panda ukae kwanza, daktari."

"Shangazi, amekwambia habari ya vidonge?"

Dativa akageuka. "Vidonge gani?"

Faustin akapanda dunguni, akaketi kando yake.

"Yeye alikuja na habari ya pancha," shangazi alisema polepole. "Alikaa hapo ulipokaa, akalia. Anasema tairi alijua limechoka tangu asubuhi, akaona aibu kusema. Saa nzima ikapotea. Anaogopa utamwandika kwenye fomu yako."

Kwanza Faustin alifurahi. Kisha akashtuka kwamba amefurahi. Kisha akaingiwa na shaka: au ni mtego? Machozi ya Octavian aliyajua tangu utotoni, yalikuwa ya bei rahisi.

Akamtazama Levina. Ndege walikuwa wameruka zamani, na bado alilipiga debe kwa mikono miwili. Hakuwa na namna ya kujua kwamba limelia vya kutosha.

"Faustin. Vidonge gani?"

Akamwambia. Yote, mpaka zile siku mbili.

Dativa alipachika donge la udongo kwenye teo, akalirusha mbali mahali ambapo hapakuwa na ndege hata mmoja.

"Karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Andika hiyo. Ile ya baiskeli tumeichoka."

"Wataninyima nafasi, shangazi."

"Pengine. Andika nikiona."

Aliandika karatasi ikiwa juu ya paja, na shangazi akainama begani kwake kama msimamizi wa mtihani, asije akaruka kitu. Levina alipoona vichwa viwili vimeinama, akaacha debe, akapanda.

"Soma," Dativa alisema.

"Nilimpa vidonge vitatu ambavyo havikuwa vyake..."

Mtoto alimkazia macho midomoni.

"Taratibu," shangazi akasema. "Na yeye anataka kujua."

Faustin akamgeukia mtoto, akaanza upya.