Mshono Usio na Akiba

Fundi cherehani huyu alikuwa na imani moja ambayo hata mkewe alishindwa kumtoa: mwili wa mtu hauidanganyi futi kamba. Kwa miaka tisa alikuwa akiwashonea wanachama wa klabu ya kuogelea nguo zao, na vipimo vya kila mmoja vilikaa kwenye daftari lake la jalada la kijani. Alishawaona wenye misuli iliyotuna wakiingia majini kwa mbwembwe na kutoka wakihema, huku warefu wembamba wakiwapita bila hata kukunja uso. Kwa hiyo alipomwona binti yake akikua na kiwiliwili kirefu, nyayo ndefu, na mikono ambayo ikinyooshwa huku na huku inazidi kimo chake kwa inchi tatu, alijua amepata samaki. Akambandika jina Kijiti.

"Wewe kazi yako ni kurefuka tu," alimwambia kila siku. "Vyuma waachie wenye vyuma."

Mwenye vyuma alikuwa Nondo, binti wa klabu hiyohiyo, ambaye mabega yake yalikuwa yameshamtoa Fundi jasho la kushona mara tatu. Sasa ilibaki nafasi moja tu kwenye timu ya kusafiri. Kocha alishasema: Jumamosi, saa tatu asubuhi, mita mia, bwawa kwenda na kurudi mara mbili, mshindi ndiye wa timu. Mwaka uliotangulia Nondo ndiye aliyeichukua. Mwaka ujao umri ungemtupa Kijiti nje. Kwake ilikuwa leo au basi.

Jumamosi hiyo, zikiwa zimesalia dakika arobaini, Kijiti alitoka chumba cha kubadilishia nguo akiwa amejifunga taulo, nguo mpya nyeusi mkononi.

"Baba, haipandi."

"Haipandi vipi?"

"Imegoma mgongoni."

Fundi alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Wateja wote huwaachia akiba ya inchi mbili kwenye mshono, maana watu hunenepa. Binti yake hakumwachia hata uzi. Wala hakumpima upya, mtoto wa kumzaa mwenyewe unampimia nini? Alivuta futi shingoni, akamzungushia mgongo na kifua. Inchi tatu zaidi! Paja, inchi mbili!

"Umekula nini wewe?"

"Sijala kitu. Nimebeba."

"Umebeba nini?"

"Majora."

Loo! Miezi minne Kijiti alikuwa akijitolea kupanga vitambaa stoo ya juu. Leo jora la kaki liko juu, kesho liko chini, keshokutwa liko juu tena, na Fundi akidhani uzee umeanza kumla akili. Hata majirani alishawatambia kwamba ana mtoto mchapakazi. Ngazi kumi na nane, jora begani, kupanda na kushuka! Kikulacho ki nguoni mwako.

"Umeniharibia mwili!" alifoka.

"Mwili ni wangu, baba." Alisema kwa upole, lakini macho hakuyainamisha. "Mwaka jana katikati ya bwawa nilikuwa nampita Nondo. Aliniacha ukutani, kila tulipogeuka. Urefu ninao. Nilikosa cha kusukumia."

Fundi aliinyakua nguo. Akakaa kwenye benchi, akafumua mbavu za ile nguo, akapekua mfuko wa vipande vya kitambaa aliokuja nao. Kitambaa cha kuvutika alichokuwa nacho kilikuwa cha njano tu. Akakitia pembeni, kushoto na kulia, kwa mkono, sindano ikimchoma na yeye akiilaani.

Filimbi ikalia. Nondo aliruka, akaibuka mbele! Mikono yake ilipasua maji, na kabla ya ukuta wa kwanza alishamwacha Kijiti kwa urefu wa mwili mzima. Basi, Fundi akajisemea, kwisha habari yetu. Ndipo Kijiti akafika ukutani, akajikunja, akasukuma. Mistari miwili ya njano ikachomoka chini ya maji, ikaenda, ikaenda, mpaka Fundi akasahau kupumua. Ukuta wa pili, pengo likapungua. Ukuta wa tatu, likabaki la mkono mmoja. Na mikono ya Nondo ikaanza kuwa mizito, kwa sababu misuli mikubwa inakula pumzi kubwa.

"Refuka!" Fundi alikuwa ameshapanda juu ya benchi, futi ikipepea shingoni. "Refuka, mwanangu!"

Kijiti akarefuka. Zile inchi tatu za mikono zikagusa ukuta kwanza.

"Kijiti!" Kocha alipaza sauti akiitazama saa yake. "Kwa kidole! Kwa kidole tu!"

Nondo, akitweta bado majini, akamvuta mwenzake na kumkumbatia. "Nani anakufundisha kusukuma hivyo?"

"Fundi cherehani," Kijiti akajibu. Fundi akasikia, akalia mbele za watu bila aibu.

Jumatatu, kwenye cherehani, ilikuwa zamu ya kushona nguo ya timu. Fundi alifungua daftari la kijani, akavikata kwa kalamu vipimo vya zamani vya binti yake.

"Sogea nikupime," alisema.

"Si unanijua kwa macho?"

"Nyanyua mikono, mteja."

Alimpima kila mahali mara mbili, akaandika, akachukua mkasi. Alipokata aliacha akiba ya inchi mbili. Kisha akamwangalia, akafikiri, akaacha tatu.