Koleo Nyuma ya Mlango

Barabara ya kuvuka uwanda wa Hardanger ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Magari yalijipanga mbele ya kizuizi, yakingoja kuvushwa kwa pamoja nyuma ya gari la kusukuma theluji, na ndani ya mojawapo Gunnvor alikuwa akitafuna ganda la chungwa bila kujua anatafuna nini. Baba yake hakupiga simu jana jioni.

Kila likizo ya Februari mzee Halvard hutangulia. Hupanda basi kutoka Bergen, hufunga miguuni skii, mbao ndefu za kutelezea thelujini, pale basi linapomshusha, kisha huenda kuiwashia moto nyumba ya mbao ili binti na mkwe wakifika wakute kuta zimeshika joto. Mwaka huu walibishana sana. Mzee ameshafikia umri wa kutafuta miwani aliyoivaa, na mkwewe Steinar alikwisha kusema wazi kwamba hatakiwi kwenda peke yake tena. Mzee akaomba safari hii moja tu. "Nikisahau kitu chochote kule," alisema, "ufunguo wa nyumba nitautoa mwenyewe, hamtauomba."

"Simu haishiki bondeni," Steinar alisema sasa, akifuta ukungu kwenye kioo. "Mpaka apande kilimani. Kwa upepo huu?"

"Angepanda."

"Mke wangu, baba yako ni mbishi. Hata kifo atabishana nacho."

"Usilitaje hilo neno."

Mlinzi wa kizuizi, mwanamke aliyejifunika akabaki macho tu, akagonga dirisha. "Mafuta yanatosha?"

"Tele."

"Nguo nzito? Koleo la theluji?"

"Lipo nyuma."

"Haya. Fuateni taa za aliye mbele. Hakuna kusimama, hakuna kugeuza, hata mkibanwa na mkojo."

Steinar alicheka. Gunnvor hakucheka; aliposikia neno koleo aliacha kutafuna.

Sisi watu wa milima hii tunaweza kumsamehe mwizi kabla ya kumsamehe aliyeacha koleo ndani. Koleo la nyumba hutundikwa nje, juu kwenye msumari, chini ya paa, mvua inyeshe jua liwake. Theluji ikishafukia mlango, koleo lililo nyuma ya mlango ni sawa na koleo lililo dukani. Mtoto hulijua hilo kabla ya kujua sala. Gunnvor alilijua. Lakini vuli iliyopita, walipofunga nyumba, koleo lilikuwa jipya, zawadi aliyomnunulia baba yake, na yeye amekaa mjini muda mrefu mno, kila kitu kizuri anakiona kitaibwa. Akaliondoa msumarini, akaliegemeza nyuma ya mlango, akafunga. Majuto ni mjukuu.

Kizuizi kikainuliwa. Mbele hapakuwa na barabara, palikuwa na weupe na taa mbili nyekundu. Gunnvor alifungua kinywa amwambie mumewe, akakifunga. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa kwamba akilisema tu, litakuwa kweli. Alimwona mzee wa watu amesimama mbele ya lundo la theluji, jasho la safari likimgandia mgongoni, akinyoosha mkono kwenye msumari mtupu.

"Ongeza mwendo," alisema.

"Nimpande wa mbele mgongoni?"

Walipofika mahali pa kuegesha, upepo ulikuwa umetulia. Gunnvor alifunga skii kabla Steinar hajazima injini, akalichukua koleo la gari akalifunga mgongoni.

"La nini hilo? Si lipo la nyumbani?"

Alikwisha kuondoka.

Toka ukingo wa bonde aliiona nyumba, au paa lake, maana theluji ilikuwa imefunika kuta karibu hadi hapo. Bomba la moshi lilikuwa jeupe hadi mdomoni. Hapakuwa na moshi. Gunnvor alisikia sauti yake mwenyewe ikiita baba, baba, sauti ya mtoto. Nimemuua, aliwaza.

Ndipo alipoona uzi wa moshi ukipanda mahali pasipo pake, nyuma, kwenye banda la kuni lisilo na mlango.

Mzee Halvard alikuwa amekaa juu ya magogo, amejifunika ngozi ya kondoo, mbele yake moto mdogo ndani ya ndoo kuukuu. Uso ulikuwa mweusi kwa masizi. Kando yake skii moja ilikuwa imevunjika katikati, kwa kuchimbia. Gunnvor alimwangukia kifuani. Mzee alimpapasa kichwa bila kumtazama.

"Koleo halipo msumarini," alisema. "Kazi hiyo ni yangu tangu mama yako yu hai. Basi nimeliacha ndani. Nimekaa hapa najaribu kukumbuka nilivyoliingiza, na sikumbuki, mwanangu. Baridi nimeizoea. Hilo ndilo limenitisha."

Steinar alifika akihema. Mzee alivua uzi shingoni, ufunguo ukining'inia, akamwelekezea mkwewe. "Mlisema kweli."

Steinar si mtu mbaya. "Si kitu, mzee," alisema taratibu. "Umri ndivyo ulivyo." Akanyoosha mkono. Hakuna aliyemuuliza Gunnvor kitu, na kunyamaza kungekuwa rahisi kuliko kupumua.

"Hukusahau, baba," alisema. "Nililiingiza mimi. Niliogopa litaibwa."

Moto ulipasua kijiti.

"Litaibwa," mzee alirudia. "Na nani? Na mbweha?"

"Baba, nisamehe."

"Subiri kwanza, sijakusamehe! Umezaliwa humu, umejifunzia kutembea humu, unaniwekea koleo nyuma ya mlango kama mtalii? Usiku kucha namwaga machozi nadhani kichwa kimekwenda!" Sauti ilikuwa ikipanda, na damu ikimrudi mashavuni. Gunnvor alilia huku akimsikiliza. Hajawahi kukaripiwa vizuri hivyo maishani mwake.

Mzee aliurudisha ufunguo shingoni, akaufunika kwa sweta. Kisha akamgeukia Steinar, ambaye mkono wake ulikuwa bado hewani.

"Na wewe, mkono huo usikae bure," alisema. "Shika koleo uchimbe."