Sateki Watatu wa Ponsonby

Nyumba yenyewe, pale mtaani Ponsonby, ilikuwa imepakwa rangi nyeupe mpaka inaumiza macho. Lupe alisimama nje ya uzio, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya sweta kwa sababu ya mishipa iliyovimba pale anapochomwa sindano, akajaribu kuiona kama ilivyokuwa zamani: watu kumi na wanne, choo kimoja cha uani, na mama yake Siale, msichana bado, akianika nepi huku manyunyu yanaanguka, maana Auckland ukingoja jua mtoto atakaa uchi. Hakuiona. Aliona kengele ya shaba na bwawa la kuogelea.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kizungu mwenye adabu zake. Alimkaribisha ndani, akamwonyesha jiko jipya, akamwambia anapenda sana historia ya nyumba hii. Alimjua nahodha aliyeijenga, akamjua mke wa nahodha, akalijua hata jina la paka wao. Lupe alipouliza kuhusu Watonga, watu wa visiwani kama yeye, waliokaa pale miaka na miaka, mama yule alifikiri kidogo.

"Palikuwa na wapangaji," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema palikuwa na panya.

Lupe alishukuru akatoka. Hakuwa na nguvu za kugombana. Figo zake zilikuwa zimechoka, mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye mashine asafishwe damu, na daktari alikuwa ameacha kuzungumzia figo mpya kwa sababu moyo nao haukuwa moyo tena. Kufa alishakubali. Kilichomnyima usingizi ni siku yenyewe ya mazishi. Mtonga akilazwa kwenye mikeka yake, lazima mtu akae kichwani pake, na mtu huyo ni shangazi au mtoto wa shangazi. Huyo ndiye fahu, mkubwa wa siku hiyo, hata chifu humpisha, na mikeka ya msiba huondoka naye. Maiti isiyo na fahu ni mzigo usio na mwenyewe. Na shangazi hapatikani dukani, shangazi huja na baba.

Baba, Lupe alikuwa naye kwa jina tu: Sateki Moala. Mengine Siale alikufa nayo. Alikuwa akiulizwa anasema, "Alichukuliwa alfajiri, polisi na mbwa," kisha anazima jiko na kwenda kulala, chakula kiwe kimeiva au hakijaiva.

Upande wa pili wa barabara alikuwa amebaki Mzee Lafaele, Msamoa, wa mwisho mtaani ambaye hakuwa ameuza. Alikuwa kibarazani na blanketi magotini.

"Kila wiki wananiletea bei," alimwambia Lupe kabla hata ya salamu kwisha. "Nimewaambia wangoje nife, watainunua na mimi nikiwa mle ndani. Wewe nawe umekuja kununua?"

"Sina hata ya basi, mzee. Namtafuta Sateki wa nyumba ile."

"Sateki yupi?"

"Kwani walikuwa wangapi?"

"Watatu." Alicheka mpaka akakohoa. "Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja kipande cha mtu. Wote Sateki Moala. Ukiita pale mlangoni nyumba nzima inaitika. Nyie Watonga, mwanangu, mlikuwa mabahili hata wa majina!"

Lupe alishika nguzo ya kibaraza. Maisha yake yote alikuwa na baba mmoja asiyemjua, na sasa aliongezewa wawili. Mzee Lafaele alipoona uso wake aliacha kucheka, akamwelekeza kwa Sateki aliyebaki, yule mwenye jina lake, ambaye alikuwa akisali Māngere kwenye kanisa la bati jekundu.

Jumapili iliyofuata Lupe alikuwa sebuleni kwa Sateki Moala. Alikuwa mzee mrefu mwenye mikono mikubwa iliyotulia. Mkewe, Eseta, alileta chai na kubaki amesimama na sinia.

"Wewe binti wa nani?"

"Wa Siale, mama."

"Siale gani?"

"Wa Ponsonby," mzee aliwahi. "Kule tulikokuwa tunapanga."

Eseta aliweka kikombe, chai ikamwagika kwenye kisahani. Miaka minne ya Ponsonby yeye alikuwa ameachwa Tonga na watoto wawili na mama mkwe mgonjwa, na hakuna aliyewahi kumsimulia miaka ile ikamtosha. Alichukua kitabu chake cha nyimbo akaenda mazoezi ya kwaya, na kutoka mlangoni hadi getini aligeuka nyuma zaidi ya mara moja.

Mzee alingoja geti lifungwe.

"Mimi nilikuwa na kibali cha kazi," alisema. "Wenzangu, Paula na Hamoni, vijana wa kiume kama mimi, walikuja kutembea, muda wao ukaisha. Uwarudishe? Kule wadogo zao wanangoja karo. Tukagawana kibali. Mimi usiku nachoma mikate, Paula asubuhi yuko machinjioni, Hamoni jioni kiwanda cha sabuni. Wote Sateki Moala. Nadhani serikali ilikuwa inasema, kumbe kuna Mtonga mmoja halali!"

Lupe alicheka, hakutaka.

"Nyumbani tulifundishana kila siku. Ukiulizwa jina, jibu upesi, usibabaike. Sasa alfajiri ile wakaja polisi, kusaka wasio na kibali. Mimi bado niko kwenye mikate. Askari akasimama sebuleni akauliza, Sateki Moala ni nani? Wakajibu upesi, kama tulivyofundishana. Wote wawili, pamoja." Mzee alicheka pia. "Nikarudi na mkate wa moto kwapani, nikamkuta mama yako amekaa ngazini, tumbo hili hapa."

"Yupi baba yangu?"

"Sijui, mwanangu."

"Na wewe, mzee?"

"Nina makosa mengi, hilo si langu. Nilimuuliza mama yako. Akaniambia, huyu ataitwa wa Sateki, basi. Alitaka uwe mtoto wa mwenye kibali, usije ukarudishwa. Nikamwambia jina si langu peke yangu tena, chukua."

Lupe alikunywa chai iliyokuwa kwenye kisahani, ili afanye kitu.

Aliwatafuta. Paula alikuwa mtoto wa pekee, na mwaka uliofuata baada ya kurudishwa alizama akivua, hakuacha mtu. Hamoni naye alikuwa amekufa, lakini aliacha dada kisiwani Eua, huko Tonga. Lupe alipiga simu. Mwanamke aliyepokea alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka yetu hakuacha mtoto huko. Kila mtu siku hizi anatafuta ndugu ng'ambo, dada, na sisi hapa tunatafuta samaki wa jioni." Simu ikakatwa. Alipopiga tena haikupokelewa. Wauguzi wake walimwambia siku hizi mate tu yanatosha kujua ukoo. Mate ya nani, sasa? Huwezi kumlazimisha mtu atemee kichupa kwa ajili yako.

Alirudi kwa mzee Sateki kumwambia yamekwisha. Alimkuta bustanini peke yake, akipalilia magimbi, na alimsimulia yote, pamoja na lile la kichwani pake pasipo na mtu. Aliona haya kulia mbele ya mzee, akalia hivyo hivyo.

Mzee aliegemea jembe. "Jina langu unalo," alisema. "Umekaa nalo kuliko Paula, kuliko Hamoni. Basi chukua na dada yangu. Vika ndiye shangazi yako. Nitamweleza."

Na alimweleza. Shangazi Vika alikuwa kibibi kifupi chenye sauti ya mnada. Wiki ile ile aliingia wodini mashine zikiwa zinanguruma, akamwangalia Lupe kuanzia unyayo.

"Nywele gani hizo? Uko hospitali au unatoka vitani?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa vizuri. Kaka yangu kaniambia. Nitakaa kichwani pako, usijali, lakini mikeka yote naibeba mimi, asiguse mtu."

"Ninayo miwili tu, shangazi."

"Basi nitabeba na friji."

Lupe alikuwa na umri wa miaka arobaini na ushei, na hajawahi kusemwa na shangazi. Alirudi nyumbani akachana nywele. Tangu hapo Vika alikuwa akija na majani ya magimbi yaliyofungwa na nyama ya kopo na tui, chumvi tele, ambayo wauguzi waliyakataza na Vika akawakataza wauguzi. Alimkemea kwa sketi, kwa simu, kwa kutokuolewa. Lupe alikemewa akanenepa. Kwa mara ya kwanza alilala akijua mwili wake utakuwa na mwenyewe.

Halafu Vika akafa, yeye mzima wa afya, akiwa ameketi anamenya chungwa. Aliyengojwa kufa alibaki.

Lupe alijua la kufanya, na alilifanya kwa pupa ambayo baadaye ilimuumiza kuikumbuka. Kwenye msiba wa mwanamke, watoto wa kaka yake ndio wa chini kuliko wote. Hawaikaribii maiti. Hufumua nywele, hujifunga mkeka mkubwa kuliko wa mtu yeyote, mkuukuu, uliochanika, na hushinda jikoni kwenye moshi mpaka watu wazike. Lupe aliazima mkeka kwa mtu, ukamfika kifuani. Aliiruka mashine ya siku ile. Akaenda nyuma ya ukumbi wa kanisa, kwenye majoko ya ardhini, akachukua kisu akakaa na wenzake kumenya viazi vikuu.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Moshi ulimwingia machoni, mgongo ukamuuma, mwanamke mmoja akamwambia, "Menya nyembamba, dada, unatupa nusu ya kiazi," na Lupe akasema ndiyo, akafurahi mpaka akaona aibu, msibani.

Eseta alikuja kuhesabu vyungu. Alimpita, akasimama, akarudi.

"Mkeka huo umeuvaa kwa nani?"

"Kwa shangazi Vika, mama."

"Shangazi." Eseta aliligeuza neno lile mdomoni. "Marehemu alikuwa na kaka mmoja." Akainua sauti. "Mzee! Hebu njoo huku."

Mzee Sateki alikuja, wanawe wawili nyuma yake, watu wazima wenye mvi, na wao wamejifunga mikeka iliyochanika. Wenye visu walikuwa wameviweka chini.

"Binti huyu kavaa kama mtoto wa kaka wa marehemu," alisema Eseta. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka, kama ya mtu aliyeuliza swali hili moyoni kwa miaka arobaini. "Niambie mbele ya wanao. Ni mtoto wako?"

Mzee alimwangalia mkewe. Aliwaangalia wanawe. Kisha akamwangalia Lupe, na mikono yake mikubwa ikafunguka ikafumba. Lupe hakumwomba kwa macho. Baadaye alijiuliza kwa nini hakumwomba.

"Hapana," alisema mzee. "Ni binti wa watu tuliokaa nao nyumba moja. Ponsonby."

Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Mtu aliyewagawia wenzake jina lake wakala nalo, siku ile hakuwa nalo la kumpa mtu.

Eseta alivuta pumzi ndefu, na uso wake ukawa wa mwanamke aliyetua mzigo. Hakumfukuza Lupe. Ingekuwa nafuu. Aliinama, akakitoa kisu mkononi mwake taratibu, akaufungua ule mkeka kwa mikono yake mwenyewe, akaukunja vizuri.

"Tusamehe, mama," alisema, na alimaanisha. "Tumekufanyisha kazi. Mgeni hakai moshini."

Wakampeleka ukumbini, wakampa kiti safu ya wageni, nyuma ya mchungaji. Kule mbele, kichwani pa Vika, alikuwa amekaa mwanamke mnene wa makamo, binti wa shangazi yake Vika, amenyooka, mikeka imerundikana ubavuni pake. Kila aliyeingia alimwinamia. Lupe alimtazama kwa muda mrefu. Alijaribu kujiona yeye amelala pale, na kila alipojaribu aliuona mkeka mtupu upande wa kichwa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lupe alizaliwa ndani ya jina lile, na jembe lake alikuwa amelishika asubuhi moja tu.

Wageni walihudumiwa kwanza. Kijana wa kanisa alimletea boksi la chakula kwa mikono miwili, zito, la moto: kuku, nyama ya nguruwe, na juu kabisa viazi vikuu vilivyomenywa kwa maganda manene, nusu ya kiazi imetupwa. Alivijua. Alivila vyote, maana mgeni asiyekula anawatukana wenyeji.