Chati Isiyo na Mkwaruzo

Nane. Nilihesabu mara ya kwanza nikapata nane, nikajiambia nimekosea. Nikaweka tena kiganja juu ya kifua cha Sajini, nikakodolea macho mshale wa saa mpaka ukamaliza dakika nzima. Nane. Kifua kilipanda kwa uvivu, kikashuka, kisha kikakaa huko chini muda ambao mtu angeweza kuvaa kiatu na kufunga kamba. Nikaandika 8 kwenye chati iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Ilikuwa saa tisa na robo alasiri, jua linawaka, mapazia ya wodi yamevutwa nusu. Sista wa zamu alikuwa ameitwa chumba cha upasuaji. Nilibaki mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na wagonjwa kumi na mmoja.

Mtu anayepumua chini ya mara kumi kwa dakika humchomi mofini. Hilo halitaki akili nyingi. Mofini inaua maumivu, ikizidi inaua na pumzi. Isitoshe, mwanafunzi haruhusiwi kuichoma bila sista kusimama pembeni yake. Yote mawili niliyajua kama ninavyojua jina la mama yangu.

Meja akaingia. Alikuwa daktari wa mifupa, mtu mrefu, macho mekundu kwa siku mbili bila usingizi. Sitamchora kama shetani, maana hakuwa shetani. Akaushika mguu wa Sajini, Sajini akaguna bila kufungua macho.

"Koplo, nataka kuunyoosha huu. Mpe mofini, miligramu kumi."

Sajini alikuwa amepewa kumi nyingine saa saba na nusu. Ilikuwa imeandikwa. Na ile nane ilikuwa imeandikwa, wino wake haujakauka.

Nikasimama wima, visigino pamoja. "Mofini, miligramu kumi, kwenye mshipa, sasa hivi, afande."

"Ndiyo."

"Ndiyo, afande."

Wanaonifahamu watashangaa, kwa sababu mdomo wangu unajulikana. Sokoni wauza nyanya wakiniona nakuja wananong'onezana. Baba watoto husema nilizaliwa huku nabishana na mkunga. Fundi bomba alinidanganya siku moja kuhusu koki ya jikoni, haki ya Mungu aliifungua na kuifunga mara tatu nikiwa nimemsimamia kichwani. Lakini mwekee mtu cheo begani, umlete mbele yangu, utaona ninavyogeuka. Niliingia jeshini nikiwa na miaka kumi na tisa. Kwa miaka kumi na tano nilifundishwa jambo moja asubuhi, mchana na jioni: amri ikitoka, irudie kwa sauti, kisha itekeleze. Ukifikiri katikati, umechelewa.

Ndiyo maana ule mpango ulikuwa mgumu kwetu. Jeshi lilikuwa na upungufu wa wauguzi, likaamua kuchukua askari wa vyeo vya chini, kuwasomesha uuguzi miaka minne, kisha kuwavalisha nyota wawe maafisa. Kambini tuliuita Ngazi. Kila mwaka waliomba mamia, wakachukuliwa wanne. Mimi niliomba mara tatu. Mara ya tatu nilibakiza miezi mitano kufika umri wa mwisho, na jina langu lilipotoka ubaoni nililia mpaka mlinzi wa lango akaniuliza nimefiwa na nani. Ukianguka kwenye Ngazi hurudi tena. Unarudishwa kikosini na cheo chako kile kile, wenzako wanakupokea kwa kicheko, na huko unazeekea ukifunga vidonda na kufagia zahanati. Baba watoto alikuwa ameacha kibanda chake cha kutengeneza redio ili abaki na watoto. Nani angerudi kumwambia nimeshindwa?

Mwalimu wetu wa wodini hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mama wa makamo, muuguzi wa miaka thelathini, saa imebandikwa kifuani juu chini, nasi tukamwita Bibi Saa. Siku ya kwanza alitupanga mstari akacheka.

"Jamani, legezeni magoti, hapa hakuna gwaride," alisema. "Sikilizeni, wanangu. Daktari akikupa agizo, lirudie kwa sauti. Unajua kwa nini?"

"Ili ajue tumelisikia, mwalimu!" tulijibu kwa pamoja.

"Hapana. Ili alisikie yeye mwenyewe. Na wewe ukiwa na la kusema, hapo ndipo pa kulisemea. Ukilirudia na kwenda zako, umekuwa kasuku."

Tulicheka. Tukaandika madaftarini. Nadhani hakuna hata mmoja wetu aliyeelewa.

Basi nikaenda kwenye kabati la sindano. Dozi ya Sajini ya jioni sista alikuwa ameshaitoa na kuiacha kwenye sahani, kinyume cha kanuni, kwa haraka ya kuitwa. Nikavuta miligramu kumi. Nikatoa hewa. Nikasafisha mpira wa dripu kwa spiriti, nikachoma polepole kwa dakika nne kama inavyotakiwa. Hata katika kumuua mtu nilifuata utaratibu.

Huyu Sajini alikuwa dereva. Lori la jeshi lilipinduka naye kwenye kona, miguu yote miwili ikavunjika, akalala kwetu siku tisa. Alikuwa mtu wa utani. "Koplo," aliniambia siku moja nilipokuwa namgeuza kumwosha, "ukishapata nyota zako, mimi nitalazimika kumpigia saluti mwanamke aliyeniona matako. Hii dunia haina haki." Mke wake, fundi cherehani, alikuja kila siku saa kumi na moja. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamkata kucha, akamgombeza kwa kuendesha kasi. Mimi aliniita mdogo wangu.

Meja alikuwa ameushika mguu. "Ametulia vizuri," akasema.

Nikatazama kifua. Kilishuka. Nikasubiri kiinuke. Nikasubiri tena.

Kilichofuata nakikumbuka vipande vipande: Meja akimkandamiza kifua mpaka jasho likamdondoka juu ya shuka, mimi nikibana mpira wa hewa mdomoni mwa Sajini, dawa ya kuzimua mofini ikiwa ndani ya kabati lililofungwa, funguo mfukoni mwa sista, sista upande wa pili wa jengo. Nilikimbia. Sijawahi kukimbia vile hata kwenye mazoezi. Niliporudi na funguo, Meja alikuwa ameacha kukandamiza, amesimama mikono inaning'inia. Dawa tulimpa hata hivyo. Saa kumi kasorobo tukamfunika.

Meja aliniita chumba cha dawa. Alifunga mlango, akaegemea rafu. Chati ilikuwa mkononi mwake. Aliitazama muda mrefu, nikaona macho yake yamefika pale kwenye nane, yakaganda.

"Ulihesabu," akasema.

"Ndiyo, afande."

"Hukuniambia."

"Hapana, afande."

Akajifuta uso kwa kiganja. Kwa dakika moja nilidhani atalia, na kama angelia, pengine mambo yangekuwa mengine. Kisha akachomoa karatasi mpya ya chati kwenye droo, akaiweka mezani mbele yangu.

"Hii imechafuka. Iandike upya."

Nikaketi. Ukurasa ule ulianza saa sita mchana, na wote ulikuwa mwandiko wangu. Nikanakili joto la mwili, nikanakili mapigo ya moyo, nikanakili dripu, nikafika kwenye ule mstari. Nikainua kichwa.

"Pumzi niandike ngapi, afande?"

Hakunitazama. "Wewe ndiye uliyehesabu, Koplo."

Hilo ndilo neno linalonitafuna mpaka leo. Laiti angenitajia namba! Ningekuwa na pa kujifichia. Ningejiambia niliamriwa, mimi ni askari, nifanyeje? Hakuniamuru. Aliniachia kalamu. Na mimi, mwenye mdomo wa kugombana na mafundi bomba, nikafikiria miaka minne, nikafikiria nyota, nikamfikiria baba watoto na redio zake alizozifungia kwenye maboksi. Nikaandika 12. Na ili isionekane imechomoza peke yake, nikaenda juu nikabadilisha na zile za saa saba na saa nane, nikaandika 14, nikaandika 13. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilikuwa fundi.

Meja akaikunja ile ya zamani, akaitia mfukoni. Sikuiona tena.

Mke wa Sajini alifika saa kumi na moja kama kawaida, mkasi wa kucha mkononi. Sista ndiye aliyemwambia. Mimi nilisimama nyuma ya sista. Alipomaliza kupiga kelele alinishika mikono, akaniuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, aliteseka?"

"Hapana, dada. Alilala tu."

Akanikumbatia. Alinishukuru, jamani. Alinishukuru.

Siku tatu baadaye Bibi Saa aliniita ofisini kwake. Chati ilikuwa juu ya meza, ile mpya. Akaisogeza kwangu.

"Mwanangu, nimesoma chati miaka thelathini," akasema. "Mgonjwa akifa ghafla, chati yake inakuwa na mafuta, ina maji, namba zimekatwa na kuandikwa tena. Mkono unatetemeka. Hii yako haina mkwaruzo. Ulihesabu ngapi?"

"Kumi na mbili, mwalimu."

"Baraza la kuchunguza kifo hiki linakaa kesho. Ukisema ukweli watakutoa, sikudanganyi. Lakini nitasimama nawe, na muuguzi utabaki, hata kama si wa jeshi. Ulihesabu ngapi?"

Kulikuwa na feni inazunguka juu yetu, inalia kwa kukosa mafuta. Neno lilikuwa moja tu, fupi, hata mtoto wa chekechea analijua.

"Kumi na mbili, mwalimu."

Akaivuta chati, akairudisha ndani ya faili. Muhula ule alinipa alama zangu zote, hakuniibia hata moja. Ila hakuniita tena mwanangu.

Baraza lilikuwa na maafisa watatu na jagi la maji. Waliniuliza kama niliamriwa kuchoma. Ndiyo, afande. Nilirudia agizo? Ndiyo, afande. Pumzi zilikuwa ngapi? Kumi na mbili, afande. Kuhusu kuchoma bila sista, walisema wodi ilikuwa na upungufu wa watu na Meja alikuwepo. Wakaandika kwamba Sajini alikufa kwa majeraha ya ajali. Mmoja wao akaongeza kwamba kumbukumbu zangu ni za mfano. Mwaka uliofuata nilivalishwa nyota. Baba watoto alipiga vigelegele kama mwanamke, watu wakacheka, nami nikacheka. Usiku ule ule, na siku zote zilizofuata, nilikuwa tayari nimeshajua kwamba nimechukua kitu cha mtu mwingine na sina wa kumrudishia. Meja aliomba kustaafu mapema. Nasikia anafuga kuku.

Imepita miaka tisa. Nina nyota tatu sasa, na kazi yangu ni kusaili askari wanaoomba kuingia kwenye Ngazi. Mume wangu alishazoea kuona naweka mkono kifuani mwake akiwa amelala mchana kwenye kochi. Anadhani ni mapenzi.

Jumatatu iliyopita karani alibisha mlango akasema kuna mama ananitafuta, ameleta binti yake. Nikasema waingie. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi, lakini nilimjua kabla hajafungua mdomo.

"Mdogo wangu!" akasema, kisha akajishika mdomo. "Samahani. Afande."

Nyuma yake alisimama msichana mwenye sare, koplo wa kikosi cha tiba, wima, kidevu juu. Alikuwa na macho ya baba yake.

"Huyu ndiye aliyekuwa na baba yako mpaka dakika ya mwisho," mama akamwambia. "Nakwambia kila siku."

"Najua, mama."

Fomu yake ilikuwa imejazwa vizuri. Alibakiza ukurasa wa afisa wa kumdhamini. Nilitaka kusema. Mungu ni shahidi wangu, nilifungua mdomo nikitaka kusema, na kilichotoka kikawa swali la usaili.

"Koplo. Mkubwa wako akikuamuru jambo unaloona si sahihi, utafanya nini?"

"Nitatekeleza, afande!"

Lilitoka haraka, kwa sauti safi, na mama yake akatabasamu kwa fahari. Nilipaswa kumkata jina papo hapo. Au nilipaswa kumkalisha chini na kumweleza kila kitu, yeye na mama yake, dakika kwa dakika. Badala yake niliivuta fomu. Mstari wa kwanza uliuliza: Unamfahamu mwombaji kwa njia gani? Nikashika kalamu, haikuenda.

"Andika ulimuuguza baba yake," mama akasema.

Nikaandika. Akazunguka meza, akainama begani kwangu kusoma, akaniomba niongeze neno "vizuri".

Nikaliongeza.