Kondoo Aliyempita Ukuta

Kwa heshima na taadhima, mimi Nizar, mwanafunzi wa bweni, kitanda cha juu karibu na dirisha lisilofungika, ninautangazia umma wa Taza, wa mji wa juu na wa bondeni, kwamba shujaa wetu Zuheir Boulaich, beki wa kati, maarufu kwa jina la Ukuta, amerejea kutoka Ulaya kula Idi Kubwa nyumbani kwa mama yake.

Ukuta wenyewe uliingia ukiburuta sanduku lenye gurudumu moja, ukaomba chai, ukalala mpaka saa saba mchana.

Ni mjomba wangu, kaka wa mama. Tangu sijaota meno naambiwa kwamba anacheza Ulaya. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba nzi aliyetua kwenye sinia la kuskusi amehudhuria harusi. Alianza Ubelgiji, daraja la pili, kwenye uwanja ambao nyuma ya goli wanalisha ng'ombe. Akaenda Uholanzi, akakaa benchi msimu mzima, akarudi na kikohozi. Kisha Uturuki, kisha Kupro. Magoli yake yanayokumbukwa alijifunga mwenyewe, na moja alilipiga kwa kichwa kwa ustadi mkubwa hadi mshambuliaji wa timu pinzani akamkumbatia. Hata hivyo picha yake imetundikwa kwa kinyozi, juu ya kioo, na ukinyolewa pale lazima umtazame mpaka shingo iume.

Mwaka juzi nilimwomba jezi yake. Akaniletea ya kipa wa akiba, rangi ya limau, mgongoni ina jina la Mholanzi nisiyemjua. Bwenini wakaniita Mholanzi muhula mzima. Ninaivaa mpaka leo kwa sababu mama yangu, Rukia, hawezi kuona nguo nzima ikikaa bure.

Ijumaa kabla ya Idi tulikaa kwenye kuskusi, na Ukuta ukatoa tamko.

"Kuna timu ya Ugiriki inanitaka," alisema. "Wakala wangu, Driss, amemaliza maneno nao. Baada ya Idi naenda kupimwa afya, nikitoka hapo natia saini. Misimu miwili."

"Inshallah, mwanangu," alisema Bibi. Bibi yangu ni Lalla Yamna, na akisema inshallah hata paka huacha kula.

"Na wasipokutaka?" nikauliza.

"Nizar!" Mama alinipiga kijiko cha mkononi.

"Mwache. Wasiponitaka, basi," alisema mjomba. Alikuwa akifinyanga tonge ambalo halikwenda mdomoni. "Nina miaka thelathini na mitatu. Hakuna mwingine atakayepiga simu. Hii ndiyo ya mwisho."

Nilimtazama nikaona majivuno tu. Kwani mtu mnyenyekevu hutangaza mambo yake kabla nyama haijafikiwa kwenye sinia?

Kondoo aliletwa Jumamosi. Alikuwa dume la aina ya Sardi, jeupe, macho yamezungukwa na weusi kama bibi harusi aliyelia, pembe zimejikunja mara mbili. Kwetu kondoo hukaa juu ya paa mpaka siku yake, na kumpandisha ngazi ni kazi ya mwanamume wa nyumba. Mwanamume wa nyumba alishika pembe chini mlangoni, akapigwa picha, akasema ana simu ya kupokea. Kondoo tulimpandisha mimi na jirani yetu Si Laarbi, yaani Bwana Laarbi, muuza bizari, ambaye ana tumbo na pumu. Mjomba alitufuata baadaye, akipanda ngazi upandeupande, taratibu, mkono ukutani, kama mfalme anayekwenda kuvishwa taji.

"Hivi ndivyo wanavyopanda ngazi Ulaya?" nilimnong'oneza Si Laarbi.

"Kaa kimya, mtoto," alihema Si Laarbi. "Miguu ile ni ya biashara. Yangu ndiyo ya bure."

Bibi alimfunga kondoo mwenyewe, kama kila mwaka. Fundo lake alifundishwa na baba yake, mchungaji wa milima ya huko juu, na hakuna kondoo aliyewahi kulitoka. Tukanywa chai palepale juu. Majirani waliokuwa kwenye mapaa yao, kila mmoja na kondoo wake, wakaanza kumsalimu shujaa kwa kelele.

"Zuheir! Ni kweli huko wanakimbia kuliko gari?"

"Wanakimbia," alijibu Ukuta, akinyoosha mguu kwenye mto. "Lakini upande wangu wa kushoto, wallahi, hajapita mtu."

Paa zima likasema mashallah. Mimi nikamtazama kondoo. Naye alikuwa akinitazama.

Jumanne, siku moja kabla ya Idi, baada ya sala ya alasiri, mjomba alipanda kwenda kuzungumza na Driss, maana simu hushika vizuri zaidi huko. Akatembeatembea akitupa kisogo. Mimi nilikuwa nimekwishatangulia, nyuma ya tangi la maji. Simu yangu nilikuwa nimeiegemeza kwenye chungu cha mnanaa, inarekodi. Nikanyoosha mkono kwenye ile kamba. Yaliyofuata yanastahili kuandikwa katika historia ya taifa.

Kondoo alisimama. Akajitingisha. Akagundua uhuru, na baina yake na uhuru akamwona beki wa kati. Mjomba aligeuka, simu sikioni, akatanua miguu kama alivyofundishwa. Kondoo akainamisha kichwa akapita katikati ya miguu yake. Tobo! Tobo safi, mchana kweupe, mbele ya mji mzima.

"Amempiga tobo!" alipiga kelele mtoto wa paa la pili.

Mjomba akakimbia, kama yale yanaitwa kukimbia. Kondoo akakata kushoto, upande ule ambao hajapita mtu. Akapita. Akarudi akapita tena, nadhani kwa kupenda. Kila alipokata kushoto, mjomba aligeuka kama kabati linalohamishwa.

"Mkabe, Zuheir! Usimpe nafasi!"

"Refa, kaotea huyo!"

"Mtoeni Zuheir, mwingizeni Lalla Yamna!"

Kondoo akaruka ukuta mfupi, akaangukia kwenye paa la Si Laarbi, akapita kwenye kamba ya nguo, akatokea upande wa pili amevaa shuka yenye maua. Mjomba alifika kwenye ule ukuta mfupi akasimama. Hakuruka. Alishika magoti akainama, na mapaa yote yakacheka mpaka kondoo wengine wakaanza kulia.

Ndipo Bibi akapanda. Akatoa kipande cha mkate wa shayiri mfukoni, akasema "Njoo, baba, njoo," na mnyama akarudi na shuka yake kama bwana harusi.

Niliituma video kwenye kundi la bweni kabla kondoo hajafungwa tena. Sikuikata popote, haraka ya utukufu haikuniruhusu. Niliandika tu, "Ukuta wa Taza, msimu mpya." Kabla ya magharibi ilikuwa imefika kwa kinyozi.

Asubuhi ya Idi tulisali, Si Laarbi akatuchinjia, na kufikia saa tano maini yaliyoviringishwa mafuta yalikuwa yanalia kwenye makaa. Wageni walioingia walimpa mjomba mkono wakiuma midomo yao. Yeye alicheka nao. Alisema hata kondoo wa kwetu wangefaa kusajiliwa. Niliona anajitahidi, na nikamdharau kwa hilo pia.

Simu ikaita. Ilikuwa ya Driss. Mjomba aliiweka kwenye sauti ya wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafuta, akitarajia salamu za Idi.

"Zuheir, ndugu yangu, ulifanyiwa upasuaji wa goti la kushoto?"

Mishikaki ikaendelea kulia peke yake.

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Video ya kondoo imesambaa mpaka Ugiriki, na daktari wa timu ameiona. Watu wote wanamtazama kondoo, yeye katazama goti. Anasema hugeuki upande huo kabisa. Anauliza kwa nini hatukuwaambia, na mimi nauliza kwa nini hukuniambia mimi."

"Wanipime tu. Nikija watanipima..."

"Hawataki uje, Zuheir. Wamemchukua mwingine. Samahani. Idi njema."

Mjomba alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Nikakumbuka ngazi, na mkono ukutani. Nikakumbuka mguu ulionyooshwa kwenye mto. Mimi, mjuzi wa kila kitu, nilikuwa nimeyaona yote hayo, nikayaita ufalme.

"Ilikuwa Kupro," alimwambia Bibi. "Nilikuwa sina timu. Nilifanyiwa upasuaji kimya kimya, mama. Nilidhani goti litahimili misimu miwili zaidi, nikifika uwanjani mapema, nikisimama mahali pazuri. Beki akizeeka hakimbii, anasimama mahali pazuri."

Kisha mama yangu, ambaye huzuni yake ni lazima ipate mtu wa kumlaumu, akasema, "Lile fundo. Nilisema mwaka huu alifunge Si Laarbi. Mikono ya mama imechoka."

Bibi hakubisha. Na Bibi hubishana hata na redio. Aliiweka mikono yake mapajani akaitazama, akaigeuza, akatazama viganja. "Labda nilikosea," alisema. "Labda ni mimi niliyekutoa kazini, mwanangu."

Nilikuwa na mshikaki mdomoni. Nikaurudisha kwenye sahani.

"Nizar," alisema mjomba. "Ile video ipo kwenye simu yako?"

"Ipo kwa kila mtu," nilijibu, nikijaribu kucheka.

"Yako."

Nikampa. Nilidhani anataka kujiona anavyoaibika. Akaketi karibu na Bibi, akaiweka simu katikati yao.

"Mama, mimi nimekaa benchi nchi nne," alisema. "Ukikaa benchi sana unajifunza jambo moja. Wenzako wakifungwa, kocha anakaa na wewe kutazama marudio ya video. Mtu wa kawaida analitazama goli. Beki hatazami goli, anarudi nyuma mpaka mahali kosa lilipoanzia."

Akarudisha video mpaka mwanzo kabisa. Nikainamisha kichwa nione naye. Kondoo alikuwa amelala. Kamba imekazwa. Fundo la Bibi limekaa pale kama ngumi.

"Tazama, mama. Hapa fundo lako ni zima. Sasa, nani anampiga picha kondoo aliyelala, aliyefungwa, asiyefanya lolote?" Hakunitazama. Akasogeza mbele kidogo kwa kidole. "Na huu hapa, pembeni ya tangi. Mkono."

Ulikuwa mkono, sawasawa, na mkono ulikuwa na shati, na shati lilikuwa na rangi ya limau.

Mama alinigeukia. Nilikuwa nimelivaa. Duniani kote, kati ya Taza na Uholanzi, kulikuwa na watu wawili tu wenye jezi ile, na mmoja wao ni kipa wa akiba.

"Mjomba, ingeweza kuwa..." nilianza. Mimi ni msemaji wa bweni, nimewatoa watu kwenye adhabu kwa maneno matupu. Nilitafuta mtu wa kumsingizia, nikamwona Si Laarbi ameshika kisu na kichwa cha kondoo, akinitikisia kichwa chake mwenyewe.

Bibi alikuwa bado amegeuza viganja juu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilifungua mimi, kwa makusudi. Nilitaka wakucheke, mjomba. Goti sikulijua, lakini hata sikuuliza."

Bibi ndiye aliyesema, taratibu, "Ulilifunguaje?"

"Bibi, fundo lako halikuwa na kosa. Vidole vilishindwa, nikajaribu uma, uma ukapinda. Nilitumia meno."