Paa la Baba Mulei

Ndolo alilipenda paa la gari lake kuliko koti lake la kanisani. Lilikuwa la turubai, la kukunja, na gari lenyewe lilikuwa kuukuu, aliuziwa na mzungu aliyerudi kwao. Kila Jumamosi alilipangusa vumbi na kulipaka nta ya nyuki pale pale lilipokunjwa, nyuma ya viti. Kulifungua hakutaka, lisije likachomwa na jua.

"Hili ni la mvua," alimwambia mkewe, Kasyoka, aliyelitia viraka kwa uzi wake wa mkonge wa kusukia viondo.

Lakini mvua ilikataa. Misimu mitatu ikapita bila hata manyunyu.

Jumapili moja, wakitoka kanisani Kikima, matone ya kwanza yakaanguka. Ndolo alifunga breki, akaruka nje, akalivuta paa. Halikufika. Kwa kukaa limekunjwa muda wote huo, turubai lilikuwa limenywea, ndoana zikabaki shubiri nzima kutoka kwenye kioo cha mbele. Alivuta, akafoka, akamwita Kasyoka ashike upande wa pili.

Kasyoka hakushuka. Alikuwa amevua kitambaa cha kichwa, uso ameuelekeza juu, mashavu yakitiririka maji.

"Baba Mulei, tumeiombea mvua hii mpaka magoti yakaota sugu. Leo imekuja, unaifungia mlango?"

Ndolo alisimama, maji yakimwingia shingoni. Halafu alilikunja paa taratibu, akaketi kando ya mkewe, akaendesha polepole kama bwana harusi, wasije wakaiacha mvua nyuma.